Msindikizaji hajaiba kura ya mtu

Najua nimepotea, na najua mlitegemea niendelee na stori za bumu kuchelewa. Hiyo itakuja, msijali. Leo nina hasira na sentensi moja tu, ambayo nimeisikia mara tatu wiki hii pale kwenye vimbweta, tena kutoka kwa watu wazima wanaosomea shahada kama mimi: "Ukimpigia mgombea wa tatu umepoteza kura, na asiyetakiwa akishinda wa kulaumiwa ni wewe."

Jamani! Hivi tunajisikia tunavyoongea? Mtu kajiandikisha, kapanga foleni kwenye jua, kamchagua anayemwamini, halafu tunamwita mharibifu. Na yule anayemchagua tunamwita msindikizaji, kana kwamba uchaguzi ni harusi ya watu wawili na wengine wamekuja kubeba zawadi. Mimi nasema sentensi hiyo ni mbovu. Inamkamata jirani na kumwacha mwizi apite mlango wa mbele. Mwizi mwenyewe ni kanuni ya kuhesabu kura inayosema anayeongoza amechukua, hata kama wengi hawamtaki.

Naanza na hesabu ya chakula, si mnajua mi ni mwalimu mtarajiwa.

Chukueni darasa la watu 40 linalokwenda safari ya mafunzo. Sufuria ni moja, kwa hiyo wapige kura wapike nini. Watu 16 wanataka ugali dagaa, 13 wanataka wali maharage, 11 wanataka wali nyama. Monita anasema anayeongoza amechukua. Basi, unapikwa ugali, wakati watu 24 kati ya 40 walitaka wali! Sasa angalieni kinachofuata. Wale wa wali maharage watawageukia wa wali nyama: "Nyie ndo mmetuponza." Ugomvi hadi basi linafika. Hakuna hata mmoja atakayemgeukia monita na kumuuliza, kwa nini usirudie kati ya vile viwili vya juu? Dakika tano tu, wa wali nyama wangehamia kwenye maharage, na wali ungeliwa.

Hiyo ndo hoja yangu yote wadau. Kuanzia hapa naleta ushahidi.

Mfano ambao kila mtu huutaja ni Marekani mwaka 2000, George W. Bush na Al Gore. Kule rais huchaguliwa kwa kupitia majimbo. Kila jimbo lina wajumbe wake, na karibu majimbo yote humpa wajumbe wote yule aliyeongoza hapo, hata kama kaongoza kwa kura moja. Mwaka ule kila kitu kiliishia Florida, jimbo lenye wajumbe 25. Matokeo rasmi: Bush 2,912,790, Gore 2,912,253. Tofauti ni kura 537. Mia tano thelathini na saba! Watu hao tunawaingiza kwenye ukumbi mmoja wa lekcha na wengine wanakaa kwenye ngazi kama kawaida yetu. Na Gore nchi nzima alikuwa amemzidi Bush kwa kura zaidi ya 500,000, lakini Ikulu yao akaenda Bush.

Hapo ndipo anapoingia Ralph Nader wa chama cha Kijani. Alipata kura 97,488 Florida. Tangu mwaka ule hadi leo Nader anaitwa aliyemkosesha Gore urais. Na kwa hesabu tupu sikatai. Wengi wa watu wake walikuwa karibu na Gore kuliko Bush, kwa hiyo asingekuwepo kwenye karatasi, kuna kila dalili Gore angepita.

Lakini hebu tusome karatasi yote. Florida ilikuwa na wagombea kumi. Ukiwatoa Bush na Gore wanabaki wanane, na kila mmoja wa hao wanane alipata zaidi ya kura 537. Kila mmoja! Hata aliyeshika mkia kabisa, James Harris wa chama cha wafanyakazi wajamaa, alipata 562. Sasa kwa mantiki ya vimbweta, Harris naye aliamua rais wa Marekani? Tofauti ikiwa ndogo hivyo kila mtu ni mharibifu: aliyechagua mdogo, aliyekosea karatasi, aliyebaki nyumbani kuangalia mpira. Kesi yenye washtakiwa wengi kiasi hicho hamna hakimu atakayeimaliza.

Halafu kuna Tennessee, ambayo watu huiruka. Ni jimbo la nyumbani kwa Gore, lilikuwa na wajumbe 11. Gore alimaliza na wajumbe 266, na zilitakiwa 270. Angeshinda kwao tu angekuwa na 277, Florida isingemhusu. Akashindwa kwao kwa kura zaidi ya 80,000, na huko Nader hakufikisha hata 20,000. Kwa hiyo hata wote wangehamia kwa Gore asingepita. Mgombea anayekataliwa kwao halafu anamdai jirani kura, mnamwelewa nyie?

Neno lenyewe ndo linaniudhi, "kura za Gore". Kura ni ya mpiga kura mpaka anapoitumbukiza kwenye sanduku. Hakuna mgombea anayezaliwa na kura zake halafu mwingine aje kumchomolea mfukoni.

Mtasema Marekani ni mbali na mfumo wao wa wajumbe una maajabu yake. Sawa, tuvuke Namanga.

Desemba 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wa urais baada ya vyama vingi kurudi. Upinzani ulianza kama mkono mmoja, FORD. Kabla ya uchaguzi mkono ukakatika: FORD-Kenya ya Mzee Jaramogi Oginga Odinga, FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na pembeni Mwai Kibaki na chama chake cha DP. Kanuni ilikuwa mshindi ni anayeongoza kwa kura, mradi awe na asilimia 25 katika mikoa angalau mitano kati ya minane. Malalamiko ya uchakachuaji yalikuwepo mengi, tuyaache pembeni, tuchukue namba zilizotangazwa. Moi asilimia 36. Matiba 26. Kibaki 19. Odinga 17. Wakenya karibu 64 katika kila 100 hawakumchagua Moi, na Moi akaapishwa.

Mwaka 1997 picha ile ile. Moi asilimia 40, Kibaki 31, kinachobaki wakagawana Raila, Wamalwa, Ngilu na wengine. Moi tena.

Sasa kila ukisoma habari za miaka ile utakuta lawama kwa wazee: walikuwa na uroho, walikuwa na ukabila, kila mmoja alitaka kiti. Ni kweli walikuwa na uroho. Lakini mwanasiasa asiye na uroho wa kiti mtamtoa wapi? Sheria nzuri inatungwa kwa kujua kwamba watu ni waroho. Ile ya Kenya ilifanya kinyume, ilimpa zawadi aliyekaa kwenye kiti. Fikiria wewe ndo rais, una asilimia 36 ambazo hazitikisiki. Una kazi gani ya kuwashawishi wale 64? Huhitaji kuwajengea barabara wala kuwaomba msamaha. Unahitaji tu wasielewane. Na kuwagombanisha watu ni rahisi kuliko kuwatumikia, hata darasani tunaona.

Hilo ndo linalonitisha. Kanuni ya anayeongoza amechukua inamfundisha mtawala kwamba njia fupi ya kubaki ni kuongeza idadi ya wapinzani wake. Halafu sisi wananchi tunamsaidia kazi kwa kutukanana sisi kwa sisi nani kagawa kura.

Mtaniuliza, una uhakika gani watu wa Matiba wangemkubali Kibaki, au wa Odinga wangemkubali Matiba? Swali zuri sana. Jibu ni kwamba hakuna aliyewauliza. Duru ya pili ni hilo swali: wa kwako hayupo tena, kati ya hawa wawili waliobaki unamtaka nani? Labda wangesema Moi. Basi Moi angetawala akiwa na nusu ya nchi nyuma yake, na mdomo ungefungwa.

Zambia ni kali zaidi. Katiba yao ya 1991 ilidai mshindi apate zaidi ya nusu. Mwaka 1996 wakaliondoa sharti hilo. Mwaka 2001 wakajitokeza wagombea 11, na Levy Mwanawasa akawa rais kwa asilimia 29, akimzidi Anderson Mazoka aliyepata 27. Asilimia 29 wadau! Kwenye kozi zetu hiyo ni supu moja kwa moja, kule ni Ikulu. Mwaka 2016 Wazambia wakarudisha sharti la zaidi ya nusu.

Malawi nako. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38, Lazarus Chakwera 35, Saulos Chilima 20. Unaona mambo? Chilima akaonekana ndiye aliyegawa. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi ule kwa kasoro zake, na ikasema jambo la pili ambalo watu husahau: neno "wengi" kwenye katiba yao maana yake ni zaidi ya nusu, kuongoza tu hakutoshi. Juni 2020 wakarudia, Chilima akawa mgombea mwenza wa Chakwera, na Chakwera akapata zaidi ya asilimia 58. Watu ni wale wale, mwaka mmoja tu umepita. Kilichobadilika ni kanuni, na wanasiasa wakajipanga kuifuata.

Hapa sasa turudi nyumbani, maana najua mnanisubiri.

Sisi tulikuwa na sharti la zaidi ya nusu. Lilikuwemo kwenye Katiba yetu wakati wa uchaguzi wa 1995. Mwaka 2000 likaondolewa kwa Marekebisho ya 13, na Ibara ya 41 sasa inasema anatangazwa Rais aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Basi. Akipata 29 kama Mwanawasa, anaapishwa. Na ibara hiyo hiyo inasema Tume ikishamtangaza, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Unganisheni hayo mawili wenyewe: mshindi wa wachache, na hakuna pa kwenda kulalamika.

Najua jibu lenu. "Wewe mwanamke unaota, Tanzania tangu lini uchaguzi ukawa wa karibu? Mwaka 2025 mshindi katangazwa na asilimia 97.66, hapo kura kagawa nani?" Ni kweli. Mwaka ule CHADEMA hawakuwemo kabisa kwenye karatasi, na mgombea wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Kwetu mgombea wa pili mwenyewe anatafutwa kwa tochi, wa tatu atamsumbua nani! Lakini hilo haliifanyi hoja yangu iwe ndogo. Nani awemo kwenye karatasi na kura zihesabiweje ni maswali mawili ya nyumba moja, na yote mawili yanauliza kama mshindi anawahitaji wengi au hawahitaji. Na kanuni za mchezo hutungwa mpira ukiwa umetulia. Siku tutakapopata uchaguzi wa kweli wa vute nikuvute, itakuwa tumechelewa kuuliza kwa nini wenye 34 wanawaapishia wenye 66.

Wengine wanasema dawa ni wapinzani kuungana kabla. Mfano wao ni NARC ya 2002 kule Kenya, ambapo waliungana na Kibaki akapata zaidi ya asilimia 60. Ni kweli iliwasaidia. Lakini angalieni bei yake. Muungano ulisimama juu ya makubaliano ya viongozi kuhusu nani apate cheo gani, mwananchi hakuyapigia kura, na mara baada ya ushindi wakaanza kulaumiana kwamba hayakuheshimiwa. Ifikapo 2005 walikuwa pande mbili kwenye kura ya maoni ya katiba. Na sisi tuna UKAWA ya 2015: Julai marehemu Lowassa katoka CCM, karibu mara moja ndiye mgombea, Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, Dokta Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama. Sisemi waliungana vibaya. Nasema kwamba mchujo ulifanyika mezani kwa wakubwa, na mwanachama akaletewa jina. Kukiwa na sharti la nusu, mchujo huo unafanywa na wapiga kura milioni kadhaa, mchana kweupe, kwenye duru ya kwanza. Kila mtu anampigia wa moyoni mwake bila kuitwa mharibifu, halafu kama hakuna aliyefika nusu tunachagua kati ya wawili.

"Gharama!" Naisikia hiyo. Duru ya pili ni hela nyingi, na nchi yetu masikini. Haya, tuitazame Kenya tena. Katiba yao ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Wamefanya uchaguzi 2013, 2017 na 2022, na hawajaingia duru ya pili ya sharti hilo hata mara moja (marudio ya 2017 yalitokana na mahakama kufuta matokeo, hiyo ni kesi nyingine). Sharti linafanya kazi hata bila kutumika, kwa sababu mgombea anajua toka mwanzo kwamba 36 hazitoshi. Na mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07. Kwa tofauti ndogo hivyo, zile asilimia karibu 4 za Musalia Mudavadi zilikuwa na uzito: kura chache tu zaidi kwa wadogo na wote wangerudi vituoni. Msindikizaji wetu ghafla ana kazi!

Sitawadanganya kwamba duru ya pili inaponya kila kitu. Ufaransa mwaka 2002 walikuwa na wagombea 16. Chirac akaongoza na asilimia 19.88, Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akawa wa pili na 16.86, na Waziri Mkuu Jospin akatolewa na 16.18. Kura za mrengo wa kushoto zilitawanyika kwa wagombea kibao, akiwemo Christiane Taubira mwenye zaidi ya asilimia 2, na lawama zikamwagikia hao. Kwa hiyo ugonjwa ulihamia duru ya kwanza. Ila mwisho wake? Duru ya pili Chirac alipata zaidi ya asilimia 82. Yule ambaye wengi hawakumtaka hakupita. Kwa kanuni ya anayeongoza amechukua, mtu mwenye asilimia 19 angekuwa ameshamaliza kazi jioni ile ile.

Kama mnataka dawa isiyo na duru ya pili, ipo pia. Waairishi humchagua rais wao kwa kupanga namba: wa kwanza wako, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, aliye chini anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa namba 2. Mwaka 1990 Brian Lenihan aliongoza hesabu ya kwanza kwa asilimia 44, Mary Robinson 39, Austin Currie 17. Currie akatolewa, karatasi zake nyingi zikaenda kwa Robinson, akamaliza na karibu 52 na kuwa rais wao wa kwanza mwanamke. Kura siku moja, karatasi moja, na hakuna aliyemtukana Currie kwamba kagawa. Jimbo la Maine huko huko Marekani lilianza kutumia utaratibu wa namba hizi kwenye urais mwaka 2020.

Na msiniambie mwananchi wetu hawezi kupanga namba. Wote tuliokaa Kidato cha Nne tumejaza fomu ya tahasusi: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Ukikosa HGL unapelekwa kwenye chaguo lako la pili, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba umeipoteza fomu au umemharibia jirani aliyetaka HKL. Tulijaza tukiwa na miaka kumi na saba, wazazi wetu washindwe?

Hata Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilikuwa imelirudisha sharti la zaidi ya asilimia 50, na ilitaka matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Haya mambo yameshaandikwa kwa Kiswahili safi na Watanzania wenzetu, baada ya kuzunguka nchi nzima kukusanya maoni. Hatuhitaji kwenda Ireland kuyatafuta, yamewekwa kabatini tu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku nyingine mtu akikuambia pale kimbwetani kwamba mgombea fulani ni wa kugawa kura, muulize: kwani nani aliamua kwamba kura zikigawanyika mwenye wachache ndiye ashinde? Mwache ajibu hilo kwanza. Na sisi tunaokwenda kufundisha uraia, tukifika kwenye mada ya uchaguzi tusiishie kuwakaririsha watoto sifa za mpiga kura. Tuwape ugali na wali, wapige kura, wahesabu wenyewe kwa njia mbili waone matokeo yanavyobadilika.

Haya, narudi kwenye desa, Jumatatu kuna testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Mnaobisha nileteeni namba, maneno matupu ninayo ya kutosha. Siku njema wadau.